Lipu ya nje Dodoma: ya jirani imeharibikia wapi, na yako ipigwe vipi

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Ninajenga Iyumbu, Dodoma, nyumba ya vyumba vitatu. Nimepaua mwezi wa tano. Mbele na ubavuni ni bloku za inchi sita, lakini upande wa nyuma, jikoni na stoo, ni tofali za kuchoma kwa sababu nilikuwa nazo. Sasa nataka kupiga lipu ya nje. Fundi wa kwanza anasema tupige moja kwa tatu, yaani saruji moja kwa mchanga tatu, ili iwe ngumu, kisha tumalizie na niru. Wa pili anasema tairolini. Wa tatu anasema moja kwa sita inatosha, mengine ni kupoteza saruji. Jirani yangu alipiga mwaka jana mwezi wa kumi. Leo ukuta mzima una mipasuko kama utando wa buibui, na chini kabisa lipu inabanduka yenyewe. Sitaki yanikute. Nichague nini, ninunue mifuko mingapi, na mwezi huu wa nane nianze au nisubiri? Maji niliyonayo ni ya kisima, yana chumvi kidogo.

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wa tatu ndiye aliye karibu zaidi na ukweli. Wa kwanza, pamoja na nia yake njema, anataka kukupa ukuta uleule wa jirani yako. Tairolini tutaizungumza baadaye, maana yenyewe ni umaliziaji tu wa vipele vya kurushwa; chini yake bado lazima pawe na lipu nzuri.

Tuanze na jirani, kwa sababu ana magonjwa mawili tofauti na kila moja lina dawa yake.

Ile mipasuko myembamba iliyotapakaa ukuta mzima imetokana na lipu kukauka kabla haijakomaa. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kushikana na maji, na kazi hiyo inaendelea kwa siku nyingi baada ya fundi kuosha mwiko wake. Sasa angalia hali ya Dodoma kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi na moja: hakuna mvua, hewa ni kavu, upepo wa mashariki unavuma mchana kutwa, na tofali lililo nyuma ya lipu nalo lina kiu. Maji yaliyomo kwenye lipu yanavutwa pande mbili kwa wakati mmoja, na nje yanapepewa. Lipu inasinyaa, ukuta hausinyai nayo, basi lazima ipasuke. Na kadiri saruji inavyozidi ndivyo kusinyaa kunavyozidi. Ndiyo maana moja kwa tatu ukutani, Dodoma, mwezi wa kumi, ni kama kuagiza mipasuko kwa pesa yako mwenyewe. Niru juu yake inaongeza balaa: ni ngozi ya saruji tupu, nyembamba, inayosinyaa kuliko vyote vilivyo chini yake. Sakafuni ndani ya nyumba niru ina mahali pake. Ukutani nje haina.

Kuna sababu nyingine ya kukataa moja kwa tatu. Bloku nyingi zinazouzwa pembeni mwa barabara zina saruji kidogo, na nyingine zinauzwa kabla hazijamwagiliwa vya kutosha. Ukibandika lipu ngumu juu ya bloku laini, lipu inaposinyaa au kupata joto inang'oa ngozi ya bloku na kutoka nayo. Ukiokota kipande kilichoanguka ukakigeuza, utaona mgongoni kimebeba mchanga wa bloku. Kanuni ni kwamba kila tabaka lisiwe gumu kuliko lililo nyuma yake. Kipimo rahisi: kwaruza bloku kwa msumari wa inchi nne. Kama msumari unachimba mfereji bila wewe kutumia nguvu, hiyo bloku ni laini, na hata moja kwa tano ni nyingi kwake.

Ugonjwa wa pili, ule wa kubanduka chini, ni unyevu na chumvi kutoka ardhini. Huo tutaufikia.

Kabla ya kununua mfuko hata mmoja, shughulikia mchanga. Mchanga mwingi wa ujenzi hapa unatoka kwenye makorongo na mito ya msimu, na haulingani: safari moja inaleta mchanga msafi wa chembe kubwa, safari ya pili inaleta vumbi jekundu lililochanganyika na mchanga. Mafundi wengi wanaupenda huo wa pili kwa sababu "una mafuta", yaani unateleza vizuri kwenye mwiko. Mafuta hayo ni udongo wa mfinyanzi. Unadai maji mengi wakati wa kuchanganya, kisha maji hayo yakiondoka unasinyaa.

Pima hivi. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikate shingo, tia mchanga hadi kimo cha sentimita 10 huku ukiigonga ushuke. Ongeza maji hadi yapite mchanga kwa sentimita nane hivi, tia kijiko cha chai cha chumvi, funika kwa kiganja, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha uiweke mahali pasipotikisika kwa saa tatu. Mchanga utatua kwanza, na udongo utatulia juu yake kama tabaka laini la rangi ya kahawia. Pima tabaka hilo kwa rula. Likiwa milimita tano au chini, mchanga ni mzuri. Hadi milimita nane unaweza kuutumia. Ikizidi hapo, uoshe au urudishe gari. Fanya kipimo hiki gari likiwa bado halijamwaga, au basi mtume fundi machimboni na chupa yake siku moja kabla.

Kisha chekecha. Kwa tabaka la kwanza tumia wavu wenye matundu ya milimita tano. Kwa tabaka la juu, matundu ya milimita mbili na nusu hadi tatu. Usikubali kuchekecha kwa wavu wa mbu. Unatoa mchanga laini kama unga, ukuta unapendeza siku ya kwanza, na wiki ya pili mipasuko inaanza kujitokeza, kwa sababu zile chembe nene zilizotupwa ndizo zilizokuwa zinazuia lipu isisinyae.

Maji ya kisima chako yanatutia wasiwasi kuliko unavyodhani. Chumvi inabaki ndani ya lipu, na kila ukuta unapolowa na kukauka inasogea nje na kuchanua kama unga mweupe, ikisukuma rangi. Inaozesha pia wavu wa chuma na misumari tutakayoitaja hapa chini. Kama ulimi unaisikia chumvi, usichanganyie. Nunua maji ya bomba ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kwa gari, uyajaze kwenye tenki. Kwa kumwagilia vilevile, usitumie ya kisima, maana unamwagilia ukuta uleule na chumvi ileile.

Saruji chagua ya daraja la 32.5. Hiyo ya 42.5 ni ya zege la nguzo na lenta. Ukiitumia kwenye lipu inakimbia kushika na inasinyaa zaidi, na umelipa ghali zaidi kwa hasara hiyo. Kagua mfuko: ukiubonyeza pembeni ukakuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, umeshakula unyevu.

Mchanganyiko tunaokushauri ni saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, vyote kwa ujazo. Chokaa ndiyo inayokupa yale "mafuta" mafundi wanayoyatafuta kwenye udongo, bila madhara ya udongo. Inashikilia maji ili tofali lisiyanyonye haraka, na inaifanya lipu ikubali kujinyoosha kidogo bila kupasuka. Tumia chokaa ya unga ya ujenzi, iliyofungwa vizuri kwenye mfuko wa kilo 25. Nyingi inayofika Dodoma inatoka Tanga. Iloweke kwenye pipa la maji tangu jana yake, ipate walau saa 16, utoe uji mzito. Chokaa ya mabonge isiyozimika vizuri usiiguse: punje zilizobaki zinaendelea kuvimba ndani ya ukuta miezi baadaye na kurusha vipande vidogo vya lipu.

Kama chokaa nzuri huipati, tumia moja kwa sita kwenye bloku laini, au moja kwa tano kwenye bloku ngumu na tofali za kuchoma. Fundi akianza kuchungulia kopo la sabuni ya unga ili mchanganyiko uwe laini, mzuie. Inaingiza mapovu yasiyo na kipimo na lipu inabaki dhaifu.

Vipimo viwe vya ndoo. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, sawa na ndoo moja na robo tatu za lita 20. Kwa hiyo mfuko mmoja unachukua ndoo 10 na nusu za mchanga kwa sita, au karibu ndoo tisa kwa tano, na chokaa ndoo moja na robo tatu. Toroli hazilingani, na saidia fundi akichoka hujaza anavyojisikia. Asubuhi utapata moja kwa tano na jioni moja kwa nane kwenye ukuta mmoja. Kumbuka pia kwamba mchanga wenye unyevu kidogo huvimba. Ujazo wake unaweza kuzidi wa mchanga mkavu kwa robo nzima. Ukichota mchanga wa unyevunyevu, ongeza ndoo mbili hivi kwa kila mfuko.

Kuhusu idadi. Hukutupa vipimo, kwa hiyo tuchukue nyumba ya mita 12 kwa 10, ukuta wa mita tatu. Mzunguko ni mita 44, eneo ni mita za mraba 132, ukitoa madirisha na milango unabaki na kama 110. Tabaka la kwanza milimita 12, la juu milimita sita, ongeza asilimia 15 ya kumwagika na mashimo: unahitaji mita za ujazo 2.3 za lipu iliyochanganywa. Hapo ni saruji mifuko 12 na chokaa mifuko tisa hadi kumi. Tabaka la kurusha, ambalo tunalieleza sasa hivi, linakula mifuko mitatu zaidi. Jumla saruji mifuko 15. Nunua 16, kwa kuwa ule ukuta wa tofali za kuchoma hautakuwa umenyooka na utameza kuliko bloku. Mchanga agiza mita za ujazo tatu na nusu, maana sehemu yake itabaki kwenye wavu. Usinunue kwa "tripu". Pima sanduku la gari kwa futikamba, urefu kwa upana kwa kimo cha mchanga, hapo ndipo mzungumze bei.

Sasa ukuta wenyewe. Umepaua mwezi wa tano, kwa hiyo kuta zimepata miezi mitatu ya kusinyaa na kutulia; hilo ni jambo zuri, na wengi hawazipi muda huo. Piga brashi ngumu kuondoa vumbi. Angalia viungo vya tofali za kuchoma: kama zimejengwa kwa udongo, chimbua kila kiungo sentimita moja na nusu kwenda ndani, zibia kwa saruji na mchanga moja kwa sita, uache siku tatu. Mifereji ya mabomba ya umeme nayo izibwe mapema, si siku ya lipu.

Mahali zege linapokutana na tofali, yaani lenta na nguzo, kila kimoja kinatanuka na kusinyaa kivyake. Hapo weka wavu wa kuku wa upana wa sentimita 30, sentimita 15 kila upande, upigwe kwa misumari ya zege. Na usilale ukutani. Uinue kidogo ili lipu ipite nyuma yake, la sivyo unakuwa umeweka mpaka wa kubandukia. Pale bloku zinapokutana na tofali za kuchoma wavu hautoshi. Kata mstari mnyoofu kwa ncha ya mwiko toka juu hadi chini, lipu ikiwa bado mbichi, kisha baada ya mwezi uuzibe kwa gundi laini inayokubali rangi. Ufa utatokea hapo utake usitake. Heri utokee kwenye mstari uliouchagua.

Kulowesha ndiko kazi inakoharibikia mara nyingi. Tofali za kuchoma zimwagie maji jioni ya jana yake hadi zishibe, kisha zirudie saa moja kabla ya kuanza. Bloku zinahitaji kidogo, nyunyizia tu asubuhi ileile. Unachotafuta ni ukuta wenye unyevu lakini usiong'aa maji. Rushia maji kwa kiganja: yakizama papo hapo kwa sauti ya kunyonya, ukuta una kiu bado, yakitiririka hadi chini, umezidisha, subiri. Ukuta mkavu unanyonya maji ya lipu upande wa nyuma, na hapo ndipo unapopata lipu nzima kwa macho lakini ukiigonga inalia tupu.

Tabaka la kurusha ni saruji moja kwa mchanga mnene mitatu, laini kama uji mzito, linalorushwa kwa mwiko ukutani kwa nguvu na kuachwa vilevile na vipele vyake. Halisawazishwi. Unene ni milimita tatu hadi tano, na si lazima lifunike kila inchi. Mtashangaa kwamba hapa tunaruhusu moja kwa tatu baada ya kuikataa juu. Hapa tabaka ni jembamba, limekatikakatika, halina eneo pana la kuvutana, na kazi yake ni kushika tu. Limwagilie siku mbili. Kwenye zege la nguzo na lenta, lenye uso unaoteleza, ni la lazima. Kwenye tofali za kuchoma linapunguza kiu. Kwenye bloku zenye uso wa kukwaruza na ngumu unaweza kuliruka.

Baada ya hapo weka vipimo: vipande vidogo vya lipu vilivyopangwa kwa timazi na uzi, kila mita moja na nusu, viwe vya unene mmoja. Jaza katikati kwa tabaka la milimita 10 hadi 12 kutoka juu kushuka chini, vuta kwa ubao wa alumini, na likianza kushika lichane mistari ya mawimbi kwa kipande cha mbao chenye misumari. Kama kuna shimo linalodai milimita 25, lijaze jana yake peke yake. Ukipaka milimita 25 kwa mkupuo, uzito wake unalivuta chini na linaachia ukuta hata kama hulioni.

Changanya mfuko nusu nusu. Kwenye jua hili mchanganyiko utumike ndani ya saa moja, na uliokauka kwenye karai usirudishiwe maji. Fundi atakwambia bado uko hai. Umeshaanza kushika, na ukiuvuruga haurudii nguvu zake.

Tabaka la juu lisipigwe siku hiyo. Mwagilia la kwanza siku saba, ukiweza kumi, hadi mipasuko yake ya kusinyaa iwe imetoka yote. Ndiyo, tabaka la kwanza linaruhusiwa kupasuka kidogo. La juu linakuja kuifunika mipasuko iliyokwisha kutulia. Ukipiga yote mawili siku moja yanasinyaa pamoja na ufa unapita moja kwa moja mpaka nje. Hapa ndipo utagombana na fundi, kwa kuwa anataka kuhamisha jukwaa mara moja tu. Makubaliano ya malipo yaandikwe kwa hatua: tabaka la kurusha, la kwanza, la juu, na sehemu ibaki hadi siku saba za mwisho za kumwagilia ziishe na ukuta ukaguliwe.

Tabaka la juu ni milimita tano hadi sita, mchanganyiko uleule wa moja, moja, sita kwa mchanga uliochekechwa vizuri. Lisawazishe kwa kibao cha mbao na uliache na ule uso wa mchanga mchanga. Kibao cha chuma kinapandisha saruji na maji juu, unapata uso unaoteleza na kung'aa, halafu unapata tena ule utando wa jirani.

Fuata kivuli. Ukuta wa magharibi pigeni asubuhi, wa mashariki mchana jua likishavuka paa. Kwa pande mbili zilizobaki mwezi ndio unaoamua: Dodoma iko digrii sita kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi huu wa nane jua la mchana liko upande wa kaskazini na ukuta wa kusini una kivuli kutwa. Mapema Oktoba linapita utosini, kisha hadi mapema Machi linachoma ukuta wa kusini. Panga ratiba kwa hilo. Na mkiacha kazi jioni, acheni kwenye kona au chini ya dirisha, kamwe si katikati ya ukuta, ambapo kiungo kitaonekana hadi chini ya rangi.

Kumwagilia kunaanza pale lipu inapokuwa ngumu kiasi kwamba maji hayaichimbi, mara nyingi kesho yake alfajiri. Nyunyizia kwa ukungu, si kwa mpira ulioachiwa wazi. Mara tatu kwa siku, upande wa upepo mara nne, siku saba. Ninginiza magunia yaliyolowa au turubai kuanzia kwenye kingo za paa upande wa mashariki, yakinge upepo. Kwa mita za mraba 110, lita moja kwa mita kila mara, siku saba, ni zaidi ya lita 2,300 kwa tabaka la juu peke yake, na la kwanza linataka kiasi hichohicho. Ongeza maji ya kulowesha na kuchanganya, na jumla inasogea lita 5,500 hadi 6,000. Weka hesabu hiyo kwenye bajeti kama unavyoweka saruji. Maji ya gari yanauma, lakini ukiyaona ghali kuliko kubandua na kupiga upya, piga hesabu ya mifuko mara mbili.

Hapo ndipo jibu la mwezi wa nane linapopatikana. Kama una tenki, maji ya bomba ya uhakika, turubai, na mtu wa kumwagilia ambaye hataondoka saa nane mchana, anza sasa na maliza kabla ya Septemba kwisha. Kama kimojawapo hakipo, subiri. Miezi bora kwa Dodoma ni Mei na Juni: mvua zimekoma, jua limepoa, upepo haujashika kasi, na makorongo yameachiwa mchanga mpya. Nyumba iliyopauliwa na kufunikwa vizuri juu ya kuta inaweza kuvuka msimu mmoja wa mvua bila lipu ya nje. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima hazifiki hata milimita 700 kwa kawaida. Ukuta mtupu haukudai kitu. Lipu mbovu inakudai mara mbili.

Umalizie kwa nini? Tairolini ni chaguo zuri kuliko wengi wanavyodhani: ule uso wa vipele unaficha mipasuko midogo na kuvunja mteremko wa maji ya mvua. Inarushwa kwa mashine ya mkono, saruji moja kwa mchanga mitatu, milimita tatu hadi tano, kwa raundi kadhaa ukibadilisha upande wa kurushia, na inachukua nafasi ya tabaka la juu. Saruji yake ni mifuko minne hivi kwa nyumba yako, karibu sawa na ile ya tabaka la juu. Ubaya wake ni vumbi. Iyumbu bado ina viwanja vitupu na barabara za udongo, na vumbi jekundu likiingia kwenye vipele halitoki kwa kitambaa. Ukibomoa kipande kupitisha bomba, kiraka kitaonekana daima. Sisi tungepiga kibao cha mbao pande zote tatu za bloku, na tairolini upande wa nyuma pekee, ambako tofali za kuchoma hazitanyooka sana na hakuna mgeni anayeingilia huko. Skimu, ule unga wa kulainishia ukuta, ukiitaka nje kwa kuwa huna budi, iwe ya saruji nyeupe iliyoandikwa kuwa ya nje. Skimu ya jasi, hata kama jasi inachimbwa Itigi, mkoa jirani wa Singida, mahali pake ni ndani. Nje ikipata mvua inalainika.

Turudi chini ya ukuta. Lipu ya jirani imeteremshwa hadi ndani ya udongo, ikapita juu ya tabaka la kuzuia unyevu lililo kwenye msingi. Maji ya ardhini sasa yana daraja la kupandia: yanapanda ndani ya lipu, yanakauka kwa nje, yanaacha chumvi, na chumvi inaibomoa. Yako ikomee sentimita 15 juu ya usawa wa ardhi, na ukingo wake wa chini ukatwe kwa mteremko ili maji yadondoke mbali na ukuta. Msingi ulio chini ya hapo upigwe lipu yake peke yake, moja kwa nne, ukiwa na mstari unaoutenga na ya juu. Mwaga jamvi la zege kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 75 hivi, liinamie nje, kwa sababu mvua ya paa ikipiga udongo mtupu inarusha tope na chumvi hadi kimo cha goti. Chini ya kila kizingiti cha dirisha, acha mfereji mwembamba wa sentimita moja, sentimita mbili kutoka ukingoni, maji yasirudi ukutani.

Kabla hujalipa sehemu iliyobaki, gonga ukuta mzima kwa kifundo cha kidole au sarafu, siku ya kumi baada ya tabaka la juu. Panapolia tupu kwa eneo kubwa kuliko kiganja, zungushia chaki. Hapo patakatwa kwa mraba na kupigwa upya. Ukiona ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha kwenda kwenye msingi, huo hauhusu lipu. Sehemu za Dodoma zenye udongo mweusi wa mbuga zinavimba masika na kusinyaa kiangazi, na nyumba inacheza nazo. Chora mistari miwili ya penseli kuvuka ufa, andika tarehe, pima upana wake kila mwezi. Ukiongezeka, mwite mhandisi auangalie msingi kabla ya kuurudishia lipu.

Rangi isubiri siku 28 baada ya tabaka la juu. Lipu mbichi ina ukali unaokula rangi, hasa ya mafuta. Tumia praima ya ukuta mpya wa saruji kisha rangi ya maji ya nje mikono miwili, na kwa Dodoma epuka nyeupe tupu kuanzia chini hadi mita moja. Rangi ya udongo pale chini itakupunguzia kazi ya kuosha.